Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba?

Kila nikiingia nyumba ya kale, miguu yangu huanza kupima kabla mwenyeji hajanikaribisha kiti. Ni ulevi wangu, na wanaonijua wameshauzoea. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizobaki tangu karne ya 18, hatua zangu hutoa jibu lile lile: urefu wa chumba unaweza kufika mita sita, saba, hata nane, lakini upana unaishia kabla ya mita tatu, au papo hapo. Nyumba ya tajiri hivyo hivyo. Mtu aliyemudu mlango wa nakshi na sahani za Uchina za kupamba zidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, mbona hakujijengea sebule pana?

Inua macho utazame dari. Utaona magogo ya mviringo, au yaliyochongwa pembe nne, yamepangwa sambamba yakiachiana shubiri moja hivi, kutoka ukuta huu hadi ule. Hizo ndizo boriti, na boriti ni mkoko. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, ukitoa ncha mbili zilizozama ukutani. Urefu wa chumba hauna shida: unaongeza boriti nyingine ubavuni, na nyingine, mpaka kiwanja kiishe. Ndiyo maana chumba hurefuka upande mmoja tu.

Sasa utaniuliza: si ukate mti mrefu zaidi? Mkoko uliokomaa hupita kimo cha nyumba ya ghorofa. Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili.

Kwanza, mti wote si boriti. Wakata mikoko wa Lamu wana majina kwa kila unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, na banaa. Boriti ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, na kipande kilichonyooka chenye unene huo hakipatikani kirefu upendavyo. Miti hii iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na fundi alijua atakachopokea kabla jahazi halijatia nanga.

Pili, ni uzito. Dari ya nyumba ya mawe si mabati. Juu ya boriti hupangwa vibamba vya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa, kisha vyote hupondwa kwa siku nyingi mpaka sakafu ishikane kama jiwe moja. Na mti uliobeba mzigo uliotandazwa hivyo hauna huruma na urefu: ukiuongeza mara mbili bila kuongeza unene, haupindi mara mbili tu, unapinda mara 16. Wahandisi wana hesabu yake. Mafundi wa Lamu walikuwa na macho yao na dari zilizowahi kubonyea, na wote wakafika kwenye mita tatu zile zile.

Mbona basi wakaung'ang'ania mkoko? Kwa sababu ulikuwa mlangoni. Sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ni mti mgumu, mzito, na mchwa hauwapi raha.

Aliyetaka nyumba kubwa aliongeza chumba nyuma ya chumba. Unatoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, penye uwazi wa mbingu, unaingia msana wa kwanza, ukumbi mrefu mwembamba, kisha wa pili, kisha chumba cha mwisho kiitwacho ndani. Kila hatua mwanga unapungua na upepo unatulia. Huko mwisho ndiko zilikowekwa zidaka, safu juu ya safu, zimepigwa chokaa nyeupe. Nilikaa mbele ya ukuta wa namna hiyo adhuhuri moja, na vile vivuli vidogo ndani ya kila kidaka vikanifanya nione chumba kinaendelea kwa nyuma. Kanda ya kupimia ilisema mita 2.7. Macho yangu yalikataa.

Msikitini mbinu hiyo haifai, maana watu wanataka kusali safu moja. Wakaweka nguzo. Magofu ya msikiti mkuu wa Gedi, mji wa kale karibu na Malindi, yana safu tatu za nguzo, na ile ya kati inasimama mbele ya kibla hasa, ikimziba aliye nyuma. Mafundi wa Kilwa Kisiwani walithubutu zaidi: walipoupanua Msikiti Mkuu katika karne ya 14, walifunika sehemu mpya kwa kuba na matao ya mawe. Unguja ilibidi kungoja chuma. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilijengwa kwa nguzo na mihimili ya chuma, ingawa hata humo boriti hazikukosekana.

Ukidhani hadithi imeishia pwani yetu, ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea ya kutosha, kwa hiyo kwa karne nyingi majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi yalirudi na ule wa kusi yamesheheni boriti, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Kule Kuwait, Bahrain na Dubai waliziita chandal, wakazilaza juu ya kuta zao, kisha wakatandaza mikeka na udongo. Ukiingia nyumba ya kale ya mfanyabiashara wa lulu, lugha ni nyingine na chai ni nyingine. Pima chumba kwa hatua, ukuta hadi ukuta: mita tatu, au pungufu kidogo.