Pango likiingia kwenye mizania: milioni 24 zisizokuwepo

Chukua kampuni ya maduka iliyopanga jengo kwa miaka 5, pango shilingi milioni 10 kila mwisho wa mwaka. Chini ya IAS 17, kanuni ya zamani ya kimataifa ya uhasibu, pango la aina hii liliandikwa kama gharama ya kawaida na deni lake halikuonekana kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. IFRS 16, kanuni iliyoirithi na kuanza kutumika Januari 1, 2019, inalitaka lionekane. Fedha zinazotoka benki ni zile zile.

Kwa riba ya 12%, thamani ya sasa ya malipo hayo matano (yakipunguzwa kwa riba hiyo kwa sababu yatalipwa baadaye) ni milioni 36.05. Kiasi hicho kinaandikwa kama mali (haki ya kutumia jengo) na pia kama deni. Mwaka wa kwanza kuna uchakavu (mali ikigawanywa kwa miaka 5) wa milioni 7.21 na riba ya 4.33, jumla 11.54, mwaka wa tano jumla hushuka hadi 8.28. Kwa hiyo kampuni inayofungua matawi kwa kasi, yenye mikataba mingi ya miaka ya mwanzo, huonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Balaa kubwa liko kwenye EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Pango lilikuwa linakatwa kabla ya kufika hapo. Sasa limegeuka uchakavu na riba, hivyo EBITDA inapanda kwa milioni 10 nzima. Mchambuzi anayepata thamani ya kampuni kwa kuzidisha EBITDA kwa 6, kama alivyozoea kabla ya 2019, anaongeza thamani ya kampuni kwa milioni 60. Hata akikumbuka kutoa deni jipya la 36, wanahisa wamezawadiwa milioni 24 za hewa. Dawa ni moja kati ya mbili: rudisha pango kama gharama na uliache deni nje, au likubali kote kote, kwenye EBITDA na kwenye deni, na utafute kizidisho (namba kama ile 6) kutoka kampuni zinazofuata kanuni hiyo hiyo. Za Marekani hazifai moja kwa moja: ASC 842, kanuni yao ya pango, nayo huweka deni kwenye mizania, lakini pango la kawaida la uendeshaji bado hukatwa kabla ya EBITDA.

Anayekadiria mtiririko wa fedha wa miaka 10 ana mtego wake. Mkataba ukiisha mwaka wa 5 bila kuweka mkataba mpya kwenye makadirio, kwenye makadirio duka linafanya biashara bila kulipa pango miaka mitano inayobaki.

Kwa mameneja, kinachouma kwanza ni masharti ya mkopo. Deni la milioni 60 kwa EBITDA ya 30 ni mara 2; baada ya pango kuingia inakuwa 96 kwa 40, mara 2.4. Benki ikiwa imeweka kikomo cha 2.25, kampuni imevunja sharti bila kukopa hata senti. Omba kifungu kinachosema vipimo vitafuata kanuni za siku ya kusaini.

Wengine hukimbilia mikataba isiyozidi miezi 12, au pango linalotegemea mauzo, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kubaki nje ya deni. Naona ni njia ghali: mwenye jengo hudai nyongeza kufidia mashaka yake, na duka linaweza kuhamishwa wakati wateja wameshalizoea.

Bodi inayolipa bonasi kwa EBITDA nayo inamsukuma meneja apange badala ya kuajiri watu au kulipia huduma, maana gharama ya pango haimgusi. Pima faida baada ya uchakavu dhidi ya mtaji wote, deni la pango likiwemo. Kisha soma riba iliyotumika kukokotoa deni la pango: ikipandishwa kutoka 12% hadi 14%, deni lile lile hushuka hadi milioni 34.33.