Misa kwa lugha ya nani? Uasi wa 1549

Kila mwaka nikifika kwenye somo la Matengenezo ya Kanisa, wanafunzi wangu huwa wameshabeba hadithi moja: watu walikuwa wamefungiwa ndani ya Kilatini wasichokijua, Waprotestanti wakawaletea lugha yao, watu wakashangilia. Nikiwapeleka Uingereza ya Edward wa Sita hadithi hiyo huanguka, na nakiri kwamba napenda kuitazama ikianguka.

Edward alirithi kiti cha baba yake, Mfalme Henry wa Nane, Januari 1547, akiwa na miaka 9. Usukani ulishikwa na mjomba wake, Edward Seymour, aliyepewa cheo cha Mlinzi wa Ufalme, na mambo ya kanisa yakawa mikononi mwa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Henry alikuwa ameachana na Papa lakini misa ya Kilatini aliiacha ilivyo. Hawa hawakukusudia kuishia hapo. Ndani ya miaka 2 mishumaa mbele ya sanamu za watakatifu ilizimwa, sanamu zenyewe zikang'olewa, maandamano ya ibada yakapigwa marufuku. Mali iliyowekwa wakfu kwa misa za marehemu nayo ikataifishwa. Vitabu vingi hulipita hilo la mwisho haraka, na mimi naona ndilo lililouma kuliko yote. Babu yako aliacha shamba ili aombewe toharani, mahali roho za wafu zinapotakaswa. Leo unaambiwa toharani haipo, na shamba ni la mfalme.

Kisha kikaja Kitabu cha Sala, kwa Kiingereza, kimoja kwa nchi nzima. Waanglikana mnaonisoma, cha kwenu ni mjukuu wa hicho. Sheria iliagiza kianze kutumika Pentekoste, tarehe 9 Juni 1549.

Jumapili ikapita. Jumatatu, katika kijiji cha Sampford Courtenay, jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, waumini walimzuia padri wao na kumtaka avae mavazi yake ya zamani na asome misa ya zamani. Akavaa, akasoma. Habari zikaenea kijiji kwa kijiji. Wakati huohuo watu wa Cornwall, jimbo la mwisho kabisa upande wa magharibi, walikuwa wamekusanyika Bodmin chini ya Humphrey Arundell. Makundi hayo mawili yakaungana na kuuzingira mji wa Exeter kwa wiki tano.

Madai yao tunayo. Walitaka Kilatini, Ekaristi itundikwe juu ya altare kuu, maji ya baraka, majivu, matawi, sanamu. Ibada mpya waliifananisha na mchezo wa Krismasi. Halafu linakuja dai ambalo darasani huwa nalisoma mara mbili: sisi watu wa Cornwall, ambao baadhi yetu hatujui Kiingereza, tunakikataa kabisa hiki Kiingereza kipya.

Maana Cornwall ilikuwa na lugha yake, Kikornishi, ndugu wa Kiwelshi cha Wales, isiyo na ujamaa wa karibu na Kiingereza. Cranmer aliwajibu kwa hesabu: hivi kwenu wanaojua Kilatini ni wengi kuliko wanaojua Kiingereza? Hesabu yake ilikuwa sahihi na jibu lake lilikuwa bovu. Kilatini hakikuwa lugha ya jirani yeyote. Kilikuwa mali ya ibada, kigeni kwa kila mtu kwa kiwango kilekile, na watu walikuwa wamekikariri toka utotoni. Bibi yangu aliimba Tantum Ergo, wimbo wa Kilatini wa kuabudu Ekaristi, mpaka uzee wake, miaka mingi baada ya parokia kuhamia Kiswahili, na sidhani kama alijua maana ya hata mstari mmoja. Ungemwambia hauelewi wimbo wake angekufukuza nyumbani. Kiingereza, kwa Mkornishi, kilikuwa lugha ya mahakama na ya serikali ya mbali.

Serikali ilipeleka jeshi lenye askari wa kukodi, Wajerumani na Waitaliano. Mwezi Agosti uasi ulikuwa umezimwa, na waliouawa walihesabiwa kwa maelfu. Padri wa St Thomas, nje kidogo ya Exeter, alinyongwa kwenye mnara wa kanisa lake mwenyewe akiwa na mavazi ya misa, na ndoo ya maji ya baraka na rozari vikaning'inizwa mwilini mwake. Arundell alinyongwa London Januari 1550.

Sehemu ninayorudia sana ni daftari la mahesabu la Morebath, kijiji kidogo cha Devon. Padri wake, Christopher Trychay, aliliandika daftari hilo tangu 1520, na humo tunaona kijiji kikichangishana na kuwafadhili vijana watano waende kujiunga na waasi. Trychay mwenyewe hakuondoka. Alisoma ibada ya Edward, akarudi kwenye misa chini ya Malkia Mary, aliyerudisha Ukatoliki, akasoma tena Kiingereza chini ya Malkia Elizabeth, aliyerudisha Uprotestanti, akafa 1574 akiwa padri wa palepale. Wenzangu wengine humwita kigeugeu. Mimi namwona mtu aliyeamua kwamba atakayebaki na waumini wake ni yeye.

Jambo moja lilibadilika baadaye, ila si kwa Cornwall. Mwaka 1563 bunge la Elizabeth liliagiza Biblia na Kitabu cha Sala vitafsiriwe kwa Kiwelshi. Agano Jipya na Kitabu cha Sala vikatoka 1567, Biblia nzima 1588. Wakornishi hawakutafsiriwa chochote. Andiko refu kuliko yote la nathari lililobaki katika Kikornishi cha zamani, lililogunduliwa 1949, ni mahubiri yaliyotafsiriwa na padri John Tregear, na ni mahubiri ya Kikatoliki.