Ukungu mweupe juu ya gitaa jeusi

Gitaa la umeme, tofauti na lile la boksi, sauti yake haitegemei sana ngozi ya rangi. Ndiyo maana nasema mwenye subira anaweza kulipaka upya uani kwake. Kinachowaangusha wengi hapa Dar si mkono mbaya, ni hewa.

Livue kwanza. Toa nyuzi, fungua shingo, toa pikapu (siyo gari, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi). Usichomoe waya kabla ya kupiga picha. Kuna mmoja mwembamba unaotoka kwenye daraja (kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa) hadi mgongoni mwa kitufe cha sauti. Ukiusahau wakati wa kurudisha, gitaa litanguruma, na hata ukizishika nyuzi halitulii.

Rangi ya kiwandani usiikwangue yote. Magitaa mengi ya bei nafuu yamevikwa poliesta, gamba gumu ambalo dawa ya kuondolea rangi huliacha vilevile. Kama halijabanduka, lisugue kwa msasa namba 320 hadi mng'ao uishe, kisha paka juu yake. Nimeona watu wakipambana wiki nzima kufikia mti, wakakuta vipande vya mbao vilivyoungwa visivyofaa kuonyeshwa.

Mimi natumia rangi ya NC (nitroselulosi), ileile ya mafundi samani. Kwenda duka la rangi za magari nako si aibu: Fender wenyewe, miaka ya 1950 na 1960, walitumia rangi za magari za DuPont kwenye magitaa yao. Ila zile za kuchanganya na hadna, dawa ya kugandisha rangi, waachie wenye chumba cha kupigia rangi na barakoa za kweli. Hadna hiyo ina isosianeti, na mapafu hayana spea.

Sasa hewa. Tina iliyo kwenye rangi inapogeuka mvuke huondoka na joto, na uso wa gitaa hupoa. Unyevu huganda juu yake kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, halafu hunaswa ndani ya rangi. Utaona ukungu mweupe, na kwenye nyeusi unatia uchungu. Usikimbilie msasa. Ngoja siku kavu, pulizia tina inayokauka polepole, kidogo tu, rangi ilainike na unyevu utoke. Wakati wa masika mimi sipulizi kabisa.

Puliza nyembamba, mara nyingi, mbali na jiko. Tundu la shingo lizibe kwa tepu, maana rangi ikijaa humo shingo haikai sawa. Ukifika kwenye msasa wa maji, namba 1000 hadi 2000, sugua nta ya mshumaa kwenye matundu ya skrubu. Maji yakipenya, mti huvimba na rangi hupasuka kuzunguka tundu. Kwenye kingo pita kwa huruma, hapo ndipo rangi huisha kwanza.

Halafu ngoja wiki tatu au nne. NC hukauka kwa kugusa ndani ya saa moja, lakini ndani bado laini. La kwanza langu nililizungushia kanga siku ya tano ili nimpelekee mwenyewe. Tulipoifungua, ufumaji wa kitambaa ulikuwa umejichapa mgongoni mwa gitaa, uzi kwa uzi. Alilipokea hivyohivyo, akanilipa nusu.