Utando hauchagui shaba, jamani

Kila anayekuja na wazo la kuvuta shaba kwa umeme ana mpango uleule. Anasaga mawe, anamwaga tope upande mmoja wa utando, ile karatasi nyembamba ya plastiki, anawasha umeme, shaba inapita uchafu unabaki. Ukimwambia haiwezekani anakuuliza basi utando kazi yake nini.

Sasa sikia. Utando wa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zilizoyeyuka kwenye maji, sio chekeche la madini, unaangalia chaji tu basi. Ule wa kationi, yaani ayoni chanya, una vikundi vya sulfonati vyenye chaji hasi ndani ya plastiki yake, kwa hiyo ayoni chanya zinapita na hasi zinarudishwa. Haya, shaba ni chanya, chuma ni chanya, kalsiamu chanya, magnesiamu chanya, na haidrojeni ya kwenye asidi nayo chanya tena ndo inakimbia kuliko zote, sasa hapo umechuja nini? Na unga wa mawe wenyewe haupiti, jiwe sio ayoni. Shaba iliyomo kwenye malakaiti, lile jiwe la kijani la shaba, haitoki kwa kuonyeshwa umeme, inatoka kwa asidi. Karasha kwanza, kinu, asidi ya sulfuriki, uchuje tope, afu maji yapite kwenye mafuta yenye kemikali inayoshika shaba na kuacha sehemu kubwa ya chuma. Kuchagua kunafanyika hapo, utando hauhusiki. Ukiurushia tope unakuja kuutoa una ukoko wa kahawia, ukikwangua unautoboa, hela imeenda.

Kazi ya kweli ya utando ni kutenganisha upande wa anodi, sahani chanya, na wa kathodi, sahani hasi shaba inakoganda. Chuma cha chaji tatu kikifika kathodi kinaiba elektroni kinakuwa cha chaji mbili, kinarudi anodi kinapoteza ileile elektroni, kinazunguka hivohivo na umeme unakwenda bila kushusha hata gramu ya shaba. Weka utando wa anioni, unaopitisha ayoni hasi tu, katikati, chuma hakifiki anodi, mzunguko umekatika. Hilo ndo la kuulipia.

Eti kila tanki lazima liwe na utando? Hapana. Shaba mara nyingi inavunwa tanki wazi tu, sahani za chuma cha pua na anodi za risasi. Nikeli ndo msumbufu, asidi inayozaliwa anodi ikifika kathodi unapata haidrojeni badala ya nikeli, ndo maana wanavisha mifuko ya kitambaa au wanaweka utando.

"Naongeza ampea nivune haraka." Ampea moja kwa saa moja inakupa kama gramu 1.19 za shaba, tena kama hakuna kinachopotea. Viwanda vingi vinakaa kama ampea 200 hadi 350 kwa mita ya mraba, ukizidisha mno ayoni haziwahi kufika kwenye sahani, unapata unga mweusimweusi unaodondoka na mapovu ya haidrojeni. Volti nazo, kama 2 kwa seli zinatosha, wewe unaleta 12 za nini?

Aluminiamu kutoka kwenye maji, sahau. Haidrojeni inatoka kwanza. Ile oksidi yake inayeyushwa kwenye chumvi ya kriolaiti kwenye nyuzi kama 960 za Selsiasi.

Kabla hujanunua utando pima chuma kwenye maji yako, pima na pH, yaani ukali wa asidi. Ukishanunua uuhifadhi kwenye maji, nyingi zikikauka zinajikunja na kupasuka, usije kuniambia umeuziwa feki.