Je, wajua? Kuku akihema sana, ganda la yai hulainika

Kyela, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Kuku wa mayai wameachama midomo, mabawa wameyatenga na mwili. Siku chache baadaye mayai yanapasukia kwenye trei.

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa moja: chokaa imepungua kwenye chakula chao. Nikaongeza. Yakapasuka. Nikaongeza tena, nikamshuku na muuza chokaa. Wakati huo Mbeya mjini, kwenye baridi ya mita 1,700 hivi, chakula kilekile kilitoa mayai magumu, nami sikushtuka. Kosa langu ni kwamba niliangalia nusu ya ganda. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na chokaa huleta kalsiamu tu. Kaboneti yake huyeyushwa na asidi ya tumbo. Kaboneti ya ganda kuku huiunda upya, kutokana na gesi ya kabonidayoksaidi ya mwilini mwake. (Chokaa si ya kudharau: kuku mwenye joto hula kidogo, kwa hiyo hata kalsiamu hupungua.)

Kuku hana tezi za jasho, hivyo hupoa kwa kuhema. Ifikirie damu yake kama soda ndani ya chupa: kila mhemo ni kizibo kinachofunguliwa kidogo, gesi inatoka. Ikifika jioni, soda imekufa. Gesi ikipungua, damu huwa na alkali nyingi; figo nazo, zikijaribu kuisawazisha, humwaga baikaboneti (malighafi ya kaboneti ya ganda) kwenye mkojo. Usiku, ganda linapojengwa, malighafi ni haba.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kuwanywesha kuku wenye joto maji yenye gesi, kama ya soda isiyo na sukari. Maganda yaliimarika. Hakuna mfugaji wa Kyela atakayenunua kreti za maji hayo, ndiyo maana wengi hutumia baikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia keki. Inashangaza, kwa sababu nayo ni alkali, na damu ya kuku huyo tayari ina alkali nyingi. Matokeo ya majaribio hayafanani; ilisaidia zaidi pale kuku walipopata mwanga wa kula wakati ganda linajengwa. Ukiiweka, punguza chumvi ya kawaida, la sivyo sodiamu itazidi na kinyesi kitakuwa majimaji.



Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine. Hayo yabaki jikoni.