Gari iliyopita kwenye maji: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kila masika, maji yakituama Mwanakwerekwe, Sebleni au Jang'ombe hapa Unguja, gari hukwama katikati ya njia na ushauri humiminika kutoka kila upande. Vijana wanaosukuma wana nia njema, Mungu awalipe. Lakini mengi yanayosemwa pale, maji yakiwa bado yanachuruzika milangoni, ndiyo yanayoua injini ambazo zingeweza kupona.

"Piga stata shekhe, itawaka!"

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ukisahau mengine, hili lishike. Injini huvuta hewa na kuigandamiza. Hewa inakubali kugandamizwa, maji hayakubali. Yakishaingia kwenye silinda, pistoni inapopanda hukuta kitu kisichobanika, na kinachoumia ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaoisukuma pistoni: hupinda, mara nyengine huvunjika na kutoboa ubavu wa injini. Gari iliyozimika majini huenda bado haijapata madhara hayo. Ufunguo ndio unaoyaleta.

Kwa hiyo zima swichi, isukumwe mpaka pakavu, na cha mwanzo kufunguliwa kiwe boksi la filta ya hewa. Kwa gari nyingi ni vibano tu, wala huhitaji spana. Ipapase filta kwa vidole, halafu chungulia ndani, kwenye kitako cha boksi lenyewe. Ikiwa kavu na vumbi lake limekaa pale pale, shusha pumzi. Ikiwa imelowa, ina matope, au kuna maji yametuama chini, usiwashe hata mtu akuapie. Fundi akate moto na mafuta, atoe plagi zote, ndipo injini izungushwe maji yarukie nje kupitia matundu ya plagi.

"Dizeli haiogopi maji"

Kuna ukweli nusu hapa: dizeli haina plagi za moto, kwa hiyo haizimiki kwa sababu ya waya za plagi kulowa. Lakini hewa inayovuta ni ile ile, na huibana zaidi. Injini ya petroli hubana hewa kiasi cha mara 10 hivi, dizeli hufika mara 16 na kuendelea. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ni finyu, na maji kidogo tu yanatosha kuiharibu injini.

Wenye gari za juu nao wasijiamini mno. Muhimu ni kujua mdomo wa kuvutia hewa uko wapi. Kwenye gari nyingi uko mbele, karibu na taa, na wimbi la lori linalokuja upande wa pili linaweza kuufikia hata kama maji yenyewe yalikuwa chini ya mlango. Kuna wanaokanyaga mafuta kwa nguvu ili maji yasiingie kwenye ekzosi. Injini ikiwa inawaka, moshi unatosha kuyasukuma nje. Ukikanyaga sana unaongeza wimbi mbele na mvuto wa hewa, yaani unayaita maji kule kule unakoogopa.

"Imewaka, basi imepona"

Hii ndiyo inayowagharimu watu taratibu. Chomoa kijiti cha oili kabla hujaondoka. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au imepanda kupita alama yake, ina maji, na gari isitembezwe hata mpaka gereji ya mtaa wa pili. Kijiti kikionekana safi bado si ushahidi kamili, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Gari ikishatulia kwa saa kadhaa, mwambie fundi alegeze polepole nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini: kama yamo, maji ndiyo yatakayotangulia kutoka.

Gia boksi na difu, yaani boksi la gia lililo kwenye ekseli, husahauliwa kabisa. Vyote vina tundu dogo la kupumulia. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji. Kwa gari za otomatiki angalia oili ya gia: ile nyekundu ikigeuka pinki yenye ukungu, ibadilishwe mara moja, kwani maji hubandua bitana za klachi zilizomo ndani. Breki zikaushe kwa kuzigusa kidogo kidogo ukienda mwendo mdogo. Beringi za magurudumu hulalamika baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa, kwa mvumo unaopanda na mwendo.

"Iweke juani siku mbili"

Jua la Unguja ni kali, lakini haliingii chini ya kapeti. Bonyeza kiganja kwa nguvu penye miguu ya dereva. Juu patakuwa pakavu, na bado sponji iliyo chini itatoa maji. Hapo ndipo zinapopita waya na maungio yake, na kwenye gari nyingi kompyuta ya mifuko ya hewa, ile inayofura gari ikigonga, imefungwa sakafuni karibu na gia. Shaba hugeuka kijani taratibu, na miezi kadhaa baadaye taa za dashibodi zinawaka bila mtu kujua kwa nini. Viti na kapeti vitolewe, ila betri ichomolewe kwanza na mngoje dakika chache kabla ya kugusa waya za viti.

"Maji ni maji"

Ya chumvi ni mengine kabisa. Aliyepitisha gari mchangani pwani, au aliyefikiwa na bahari siku za bamvua, aioshe uvunguni siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, wala si ya kisima cha pwani chenye chumvi. Chumvi hula chuma haraka na hupitisha umeme kirahisi kwenye maungio ya waya.

Ukinunua gari iliyotumika, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Anayeuza atasafisha kapeti na kupaka manukato, lakini sehemu ya mkanda inayojikunja ndani ya nguzo huwa haifikiwi. Ukikuta mstari wa matope hapo, gari hiyo imeshazama.