New Orleans haikuzamishwa na kimbunga peke yake

Wengi husema kimbunga Katrina ndicho kilichoizamisha New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani, na kwamba mji uliojengwa chini ya usawa wa bahari ulijitakia maafa. Si kweli. Agosti 29, 2005, kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue zilibomoka kabla maji hayajazifurikia. Karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Wahandisi wa Jeshi la Marekani waliozijenga walikiri kasoro za usanifu mwaka 2006. Tena French Quarter, mtaa wa kale kwenye ardhi ya juu ukingoni mwa mto Mississippi, kwa sehemu kubwa haukuzama.

Makosa ya watu yanarekebishika. Februari 2006 Mardi Gras, sherehe kubwa ya mji huo, ilifanyika, tarumbeta zikalia. Inauma kwamba wapigaji wengi, Wamarekani Weusi wa mitaa iliyofurika, walikuwa bado ugenini, Houston na Atlanta.